Ujumbe Uliokwama Katikati

Kuze, Mombasa
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kwa Dada Zakiya,

Assalaam aleikum. Leo nitakueleza yote, hata yale ninayoyaruka kwenye simu kwa sababu Mama yuko karibu. Sisi hatujambo. Natumai nawe u mzima huko Voi pamoja na shemeji, na mtoto ameacha kukohoa.

Baba na Mama bado hawasemezani. Baba yuko kaunta ya mkahawa, Mama jikoni, nami ndiye mjumbe tangu ulipoolewa. Baba husema nimwambie mama yangu pilau sahani mbili. Mama hujibu nimwambie baba yangu ana miguu, aje achukue.

Sasa nimepata nafasi shule ya bweni, naripoti Jumatatu ijayo. Ndipo nikatunga programu ya kushika kazi yangu. Mwalimu Kate, anayetufundisha kompyuta shuleni, ametufundisha kuzitunga kwa lugha zilezile za kurasa za mtandao. Kompyuta ni moja, skrini mbili: dirisha moja la programu liko kaunta, jingine jikoni. Mwalimu alisema madirisha hayo hayaongei moja kwa moja. Kila ujumbe hupita kwenye sehemu kuu ya programu, nayo huufikisha upande wa pili. Nilicheka, akaniuliza nacheka nini.

Inafanya kazi. Ila Baba bado huandika nimwambie mama yangu, kana kwamba nimo ndani ya waya. Juzi aliandika kwamba mchuzi umekolea. Mama alisoma, akaipangusa skrini kwa leso ingawa haikuwa chafu.

Lililobaki ndilo zito. Unajua maneno yao hayafikishwi yalivyo. Kwa hiyo niliitunga programu ili ujumbe usiotaja chakula usubiri katikati mpaka niuruhusu. Jana Mama aliandika nimwambie baba yangu kwamba mimi nikienda bweni, yeye Mama anarudi kwao Kinango. Umekwama hapo. Mama anadhani Baba amesoma akanyamaza. Baba ananitengenezea kufuli ya sanduku, anapiga mluzi. Nikiuruhusu, huenda nisiende. Nikiufuta, nitaondoka na neno la mama yangu mfukoni.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Mama anakusalimu. Baba pia, aliniambia kando.

Nijibu kwa dereva huyuhuyu aliyekuletea barua hii, Dada: wewe ulipokuwa mjumbe wao, uliwahi kupewa maneno kama haya, na uliyafikisha?

Mdogo wako,
Mbodze Chirau