Kwanza Mwambie Yohana Abaki

Fort Worth, Texas

Kaka Festo,

Shikamoo. Natumaini barua imekukuta mzima, na baridi ya Mafinga imeuonea huruma mgongo wa Mama. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Nimeianza barua hii, nikainuka, nikafua mashuka yasiyo machafu, nikarudi. Nakuandikia kwa karatasi, na shemeji anayekuja likizo atakuletea mkononi, kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Ujumbe wako nimeupata: timu yetu imepanda ligi ya mkoa, wewe ndiye mwenyekiti, na unataka mchango wote wa ukoo uende kumnunua yule mshambuliaji wa zamani wa Dar mnayemwita Mashine. Kwa kupanda, hongera. Kuhusu Mashine, kaa chini, mdogo wako ana maneno.

Huku mchezo ni besiboli. Wodi yangu ni ya mabega na magoti, wagonjwa wanaangalia besiboli kutwa, nami nimejifunza bila kupenda. Msimu ukiisha, mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kwenda popote, na timu zinamgombania kwa pesa ambazo ukizisikia utaona kizunguzungu. Mwenzangu wa zamu ni Wanjiru, Mkenya anayekaa Carrollton, na mchezo huu ndio ugonjwa wake. Juzi runinga ilitangaza kwamba mrushaji mpira mmoja mkongwe amepewa mkataba wa miaka mingi. Wanjiru akaiweka chai chini.

"Hii ni madness! Wana-pay mkono wa jana. Bega ikiisha kesho, ata-sit tu na bado wanamlipa."

"Lakini jina lake linajaza uwanja," nikamwambia.

"Jina haishiki mpira, Neema. Ningekuwa boss mimi, kwanza ningeuliza shimo iko wapi kwa team, ni-fill hiyo. Na vijana wangu ningewa-sign mapema, kabla niende sokoni."

Nilimbishia kwa sababu napenda kumbishia, lakini alisema kweli. Sasa niambie, shimo lenu liko wapi? Msimu uliopita mliponzwa na mabeki, wewe mwenyewe ulilalamika mpaka salio likakuishia. Mabao mnayo. Mashine goti lake lilipasuliwa, ndiyo maana Dar wamemwacha. Unamtaka kwa sababu wenzenu wa Makambako wamenunua jina, na wewe unataka jina. Huko si kujenga timu, kaka, huko ni kushindana vitenge harusini.

Na Yohana, yule beki wa kushoto aliyekulia mikononi mwenu? Wifi ameniambia Makambako wanamnyemelea, nawe hujamwita hata kumpa soda. Eti unasema, "Huyo ni wetu, ataenda wapi?"

Hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Mkataba wangu hapa unaisha mwisho wa mwezi huu. Hospitali moja ya Houston ilinitaka, nikaendesha gari mpaka huko, nikalala kwa rafiki yangu, mtaa wa Gulfton, watoto wa jengo zima wakikimbizana kwenye ngazi, nikarudi nimechoka na sina jibu. Nikamwendea msimamizi wa wodi, nikamwambia nimeitwa kwingine. Nikasimama pale mlangoni nikingoja. Akasema, "Oh, good for you," akarudi kwenye kompyuta yake. Sikukuu zote nimewafanyia kazi wale watu! Wiki iliyofuata wakatangaza nafasi yangu, na mshahara waliomwekea mgeni atakayekuja unauzidi wangu.

Wanjiru akaniuliza, "Na wangekuambia tu u-stay?"

Ningebaki. Hata kwa pesa pungufu kuliko za Houston, ningebaki. Niliumia, kaka, na bado naumia. Leo asubuhi nimetia sahihi mkataba wa Houston, na tangu hapo kiti hakikaliki.

Basi mchango wangu anao shemeji, na si wa Mashine. Nenda kwa Yohana leo hii, ukae naye kwao, mbele ya mama yake, umwambie mnamtaka. Kwa kitakachobaki tafuteni beki wa kati, kijana mwenye magoti mazima, hata kama hakuna anayemjua.

Nisalimie Mama sana. Msalimie wifi, mleta habari wangu, na usimgombeze. Baba mdogo, mweka hazina wenu, mwambie asifungue kibubu mpaka umesoma barua hii mara mbili.

Na mkiwa mmekaa mezani siku moja, nipigieni, mniambie na mimi: rudi. Sisemi kwamba nitarudi. Nataka tu kusikia mtu akilitamka neno hilo.

Mdogo wako, mnayesema ni wenu, ataenda wapi,

Neema