Vidudu Kwenye Maua ya Nancy

Jumamosi, 6 Aprili 2024
Mvua usiku kucha. Asubuhi nimekwenda migombani kwa Nancy. Miche ya maua niliyopanda juu ya kaburi lake imeliwa! Mingine imebaki vijiti. Nimeinua majani makavu ya mgomba niliyotandaza kutunza unyevu, kama tunavyotandaza kwenye kahawa – chini yake vidudu vya kijivu, tele, vile vinavyojiviringa ukivigusa. Nimevifinya mpaka vidole vikachoka. Mwanangu tumemzika Februari, miaka kumi na tisa tu, sasa hata maua ananyimwa.

Jumapili, 7 Aprili
Baada ya ibada nimemwuliza jirani yangu Marta. Eti niviache, vinasaidia bustani, vinageuza takataka kuwa mbolea. Vinasaidia! Basi aje avibebe avipeleke kwenye mchicha wake. Mume wangu Anaeli anataka kupiga dawa, ile ya kahawa. Tangu mazishi haongei, ila kwa dawa amepata maneno.

Jumanne, 9 Aprili
Miche mingine imekwenda. Nimelia kama siku ile. Mtu akiniambia tena kazi ya Mungu haina makosa, nitamrushia kitu.

Ijumaa, 12 Aprili
Bwana shamba Godbless amepita. Kijana mpole, shikamoo yake haikauki. Nikamletea vidudu barazani, kwenye bakuli. Akasema havina ubaya, chakula chao ni vitu vilivyokufa, vinavyooza. Ila mvua ikizidi, navyo vikiwa vingi, vinahamia kwenye miche michanga. Niondoe majani mpaka miche ikomae. Dawa hapana.

Nikamwuliza vinashuka chini kiasi gani.

– Chini? Kwani mama umepanda karoti?

Nikanyoosha kidole migombani. Akauona msalaba, akavua kofia.

– Havishuki, mama. Vinakaa juu juu tu.

Alisema haraka mno. Namshukuru. Simwamini.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimeondoa majani yote. Udongo uko wazi, mweusi, kama siku ya kwanza. Sikujua kuwa udongo huo ndio niliokuwa nauficha! Nimekaa chini palepale, nimechafua kitenge, sijali.

Nimerudi ndani. Anaeli amepita dirishani na pampu ya dawa mgongoni, anaelekea migombani. Sijamwambia maneno ya Godbless. Nikinyamaza, atammwagia mtoto sumu kifuani. Nikimwambia vinakula vilivyokufa, atawaza nililowaza mimi. Nikimwambia havishuki, atajua niliuliza nini. Moyo wake umeshapasuka kama wangu, nimwongezee na hilo?

Namsikia anavuta pampu. Ameacha. Sasa ananiita – Mama Nancy! Mama Nancy! Tangu tuzike hajaniita hivyo, alikuwa haniiti kitu. Naitika, naweka kalamu, natoka.