Milango ya Teodor

Jumanne, 19 Juni 2012

Imeamuliwa. Ijumaa ya wiki ijayo mashine yetu, kompyuta kuukuu ya ghala, inazimwa moja kwa moja. Brodie, meneja mpya, katangaza jikoni mdomo umejaa keki. Kazi zote za ghala la matofaa zinahamia kwenye kompyuta za mjini Hobart. Mimi niorodheshe viprogramu vya mlangoni alivyoviacha Teodor, mkuu wangu wa zamani, tusije tukahama na takataka.

Takataka!

Jumatano, 20 Juni

Kumi na moja. Sikujua ni vingi hivyo. Waliotengeneza mashine waliacha milango ndani ya mfumo wao — hapa chomeka chako — na Teodor alichomeka kwelikweli. Mtu akiingia, au akitaka faili, mfumo unakiita kwanza kiprogramu cha Teodor, unasikiliza kinasemaje. Kimoja kazi yake ni kumkatalia mhasibu wa zamani asichape orodha zake saa ya chai, maana printa ilitupigia kelele. Mhasibu kafa miaka mingi iliyopita. Kiprogramu bado kinamsubiri! Nimecheka peke yangu hadi machozi.

Nilikuwa napanga matofaa kwenye mkanda Teodor aliponiita ofisini. "Wewe unahesabu kichwani haraka kuliko wenzio. Njoo ukae hapa." Nikakaa. Miaka ishirini na tatu sasa. Siku za baridi tulikuwa tunaweka pai zetu juu ya mashine zipate moto. Hazikupata moto hata siku moja, na hatukuacha.

Jumapili, 24 Juni

Nimeenda kumwona Teodor kwenye nyumba ya wazee. Kaniita kwa jina la dada yake. Nikamwambia kile cha kumi na moja sikielewi: kimechomekwa kwenye amri ya kuzima mashine, kinasoma orodha ya malori. Macho yakamfunguka.

"Yaliyotoka na yaliyorudi," akasema. "Moja likiwa bado barabarani, mashine isizimike."

"Kwa nini, mzee?"

"Ijumaa ile tulizima mapema, tukaenda mpirani. Ilivyozimwa ikafunga orodha, ikaandika malori yote yamerudi. Clive dereva yuko mtaroni na lori lake, hakuna anayemtafuta. Siku mbili." Akanishika mkono. "Ule mguu wake, Ailsa."

Jina langu! Halafu akauliza kama nimeleta sigara.

Ajali ya Clive naikumbuka. Mchango wa hospitali niliupitisha mimi. Kwamba ni kuzima kwetu sisi wawili kulikofanya asitafutwe — hakuniambia miaka yote hiyo. Akaenda zake, akakiandika kile kiprogramu, akanyamaza.

Jumatatu, 25 Juni

Nimemweleza Brodie. "Mama Ailsa, siku hizi malori yana vifaa vya setilaiti, tunaona yalipo."

Yote?

"Karibu yote."

Ijumaa, 29 Juni

Saa kumi na moja kasorobo. Naandika hapahapa ofisini, mkono mmoja.

Saa kumi Brodie alitoa amri ya kuzima, watu wa Hobart wakiwa kwenye simu. Mashine ikakataa. Lori namba nne halijarudi. Dereva wake, Garnet Tunks, alitoka asubuhi na masanduku matupu. Lile lori bovu lisilo na setilaiti!

"Kasahau kusaini tu," Brodie akasema. "King'oe hicho kidude, mama. Watu wananisubiri."

Ningeweza. Ni amri moja. Nikaiandika, kidole kikawa juu ya kitufe.

Nikanyanyua simu. Verna, mkewe Garnet: mumewe alisema atarudi kula mchana, yeye akadhani tumemtuma tena. Simu ya Garnet haipatikani. Polisi wanasema barabara ya mlimani ina barafu, wanapeleka gari.

Brodie alikuwa anasikiliza. Akawaambia Hobart leo haiwezekani, akakata.

"Na kwenye ule mfumo mpya," akaniuliza, polepole, "nani atauliza kama wamerudi?"

Hakuna, Brodie.

Akachukua koti na tochi. Nimesikia gari lake likielekea mlimani. Nimebaki na mashine, imewaka, na Verna sikioni. Hataki nikate simu.