Kiti, Daftari na Kipara Wetu

Baba,

Assalaamu alaykum. Najua la kwanza ambalo ungeniuliza si afya ya mama wala paa la jikoni. Ungeniuliza kiti kiko wapi. Nitakujibu, lakini kwa mpangilio, maana wewe mwenyewe ulinikataza kusoma jumla kabla ya kusoma safu zake.

Mama hajambo. Paa limezibwa. Karafuu zimeanza kuiva, na ule mkarafuu wa nyuma uliokuwa ukiusema kila mwaka kwa uvivu, mwaka huu umebeba hadi matawi yameinama. Umekusubiri uondoke ndipo uoneshe uwezo wake, kama wale wachezaji tuliokuwa tukiwauza Ijumaa wakatia mabao Jumamosi. Mimi bado niko dukani Konde, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Hii nimeiandika kwa mkono.

Unakumbuka siku nilipokuonesha ule mchezo kwenye simu? Nilikueleza kwamba kila mtu huchagua wachezaji kumi na watano wa ligi ya Uingereza, kila wiki anaruhusiwa kubadilisha mmoja, na wanachofanya uwanjani ndicho kinachompa alama. Kisha ukauliza kama takwimu za wale watu zinapatikana. Nikakwambia zimo zote, dakika, mashuti, pasi, kila kitu. Ukanituma nikakununulie daftari.

Wenzako wa barza kwa Shaame walikuwa wakichagua kwa mapenzi. Mwalimu Joseph alijaza timu yake watu wa klabu anayoipenda, hata wenye magongo. Wewe ulikuwa umekaa miaka mingi kwenye kituo cha kununulia karafuu, kazi yako kuangalia gunia na kusema hili safi, hili limechanganywa. Ukawapima wachezaji hivyohivyo. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuwa nakusomea takwimu, kwa kuwa macho yalishaanza kukuchezea, na wewe ukiandika kwa herufi kubwa mno, safu moja baada ya nyingine. Safu ya mwisho uliiita makonyo. Bao la penalti, konyo. Bao dhidi ya timu iliyobaki na watu kumi, konyo. Pasi iliyomgonga mtu kisigino ikazaa bao, konyo pia. Makonyo ni vile vijiti vya karafuu, unavitoa vyote kama tunavyovitoa siku ya kuchambua, kinachobaki kwenye mkeka ndiyo karafuu yenyewe, na hiyo ndiyo tunayonunua. "Hesabu haina mjomba," ulikuwa ukisema. "Usimweke mtu kwa mahaba."

Misimu miwili mfululizo uliwashinda wote, na misimu miwili ukakaa wewe kwenye kile kiti cha mshindi, cha mbao chenye mikono, wengine wakigawana saruji ya barza. Mama akakushonea mto kwa kipande cha kanga, akautia sufi, akasema mshindi gani huyu anarudi nyumbani na mgongo unamuuma.

Sisemi kwamba hukuwa ukikosea. Ramadhani ile, wenzako wa barza wangejua wangecheka mpaka leo. Ulikuja na safu mpya kabisa, ukaiita saumu. Hoja yako ni kwamba yule winga wetu Muislamu amefunga, mechi ni mchana kwao, na wewe mwenyewe ikifika alasiri huwezi kuinua hata kilo ya sukari. Tukamuuza. Siku ya pili yake akatia mabao matatu, na hakukuwa na konyo hata moja. Mama alikuwa akipakua futari, akaliweka bakuli chini ili acheke vizuri.

"Weye ulikuwa ukipanda mkarafuu na saumu yako tangu asubuhi," alikwambia. "Leo mwenzio humwamini kwa nini?"

Ulizimaliza tambi zako, kisha ukaomba kalamu ukaifuta ile safu kwa mistari miwili. Mpaka leo iko hapo, naiona kila nikifungua ukurasa ule.

Ulipotutoka msimu ulikuwa katikati, na sisi tukiongoza. Baada ya hitma wazee wa barza walikaa kulizungumza, si kwa ubaya. Wengine waliona timu ya marehemu iondolewe, si vizuri jina lako lipande na kushuka kwenye simu za watu. Shaame ndiye aliyenihadithia. Anasema Mwalimu Joseph, aliyekuwa wa pili, ambaye timu yako ikiondolewa kiti ni chake bila jasho, ndiye aliyekataa. Alisema, "Mimi nataka nimshinde Mzee Faki. Sitaki nimrithi."

Basi ikabaki, na mimi nikaachiwa amana ya kuiendesha. Kiti kikawa wazi. Hakuna aliyekikalia, Baba, hata siku za mechi kubwa watu walipokuwa wamesimama hadi barabarani.

Wiki ya kwanza sikubadilisha mtu. Nililifungua daftari, likanukia karafuu na ile dawa yako ya kuchua magoti, nikalifunga. Wiki ya pili vilevile. Nililia mno, nikwambie kweli, na aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa nikilia juu ya jina la mlinda mlango. Wiki ya tatu mama akaja ukumbini na ungo wake wa mchele, wakati uleule wa baada ya alasiri, akakaa akasema, "Kwani leo husomi? Miye nshazoea kuchagua mchele nikiwasikia." Nikaanza kusoma kwa sauti. Hakukuwa na wa kuandika, nikawa nasoma mwenyewe na kuandika mwenyewe, na mama akawa ananisahihisha makonyo. Kumbe miaka yote ile alikuwa anasikiliza. Nikasema bao la pili la mtu fulani ni safi, akadakia, "Si ulisema beki kateleza? Konyo hilo." Nikafuta.

Tukaenda hivyo hadi wiki ya mwisho. Tulikuwa mbele ya Mwalimu Joseph, lakini mbele ya kuhesabika kwa vidole, na kila mtu Konde alijua. Nikienda sokoni muuza muhogo ananiuliza nahodha wangu nani. Nilikuwa nataka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Si kwamba nilikuwa na pa kukikalia, mimi sikai barza ya wanaume. Niliona tu kwamba akikikalia mtu mwingine ndipo utakuwa umekufa kweli.

Sasa nifike kwa Kipara.

Unajua ninayemkusudia, beki wetu mzee, yule ambaye kamera ikimpiga kwa juu kichwa kinamulika. Tulikuwa naye tangu wiki ya kwanza ya msimu wa kwanza. Msimu ukiisha mnaanza upya, unamrudisha. Kila nikikusomea namba zake nilikuwa naona haya mwenyewe. Hana shuti, hana pasi, kasi imemwisha. Nikikuuliza tumuuze, unajibu lilelile: "Namba zake zinakuja, mwanangu." Nikajua unaona kitu nisichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa ukiliona gunia lililochanganywa kabla halijafunguliwa.

Lakini wiki ile hukuwepo, na mimi nilikuwa na daftari. Nikamchambua Kipara mkeka mzima. Haikubaki hata karafuu moja, makonyo matupu. Pembeni alikuwepo beki kijana, namba zake zinang'aa, na wiki ile timu yake inacheza dhidi ya timu ambayo ilishashuka daraja. Nikasema hesabu haina mjomba. Nikamuuza Kipara, nikamnunua yule kijana, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka nikajiona mwanafunzi wako. Mama sikumwambia. Nilitaka aone matokeo.

Mechi zote za siku ya mwisho zilianza pamoja, saa kumi na mbili jioni. Maghribi ikatukuta, kisha na isha, mechi zikikaribia kwisha. Tukasali, na mama, Mungu amsamehe, siku hiyo hakukaa sana kwenye nyuradi. Mimi bado nimenyanyua mikono naomba dua, yeye ameshaichukua simu. Yule kijana wangu alikuwa amekula kadi ya njano na timu yake imefungwa mawili, lakini hesabu ilikuwa bado inatubeba. Nikamsikia mama ananiita taratibu.

"Raya. Kipara wenu katia."

Kona ya mwisho ya mechi, Baba. Karuka nayo kwa kile kichwa. Watangazaji wanasema ndiyo mechi yake ya mwisho, anastaafu, uwanja mzima umesimama. Na mama naye akasimama. Akapiga vigelegele. Miaka mingapi hajapiga vigelegele mama, majirani wakatoka kuuliza nani kaposwa. Mimi bado niko juu ya msala. Nikamwambia nimemuuza juzi. Akanitazama, akakaa chini, akasema, "Haya."

Mechi nyingine zilipokwisha wachezaji wa Mwalimu walikuwa wametupita, tukashindwa kwa alama tatu. Kipara peke yake angezitoa na chenji ikabaki. Kule barza nilisikia kelele za kumpongeza Mwalimu, kisha zikakatika ghafla, nadhani walikumbuka sisi tunasikia.

Nilikasirika, na hasira zenyewe zilikuwa juu yako. Kama uliona kitu kwa yule mzee, kwa nini hukuniandikia? Nikalichukua daftari nitafute siri. Nilikuwa siku zote nafungua kurasa za mwisho, za mbele nilikuwa sijazirudia tangu ulipoziandika. Nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa, timu yetu ya kwanza, majina kumi na tano kwa zile herufi zako kubwa. Mbele ya kila jina kuna namba. Mbele ya Kipara hakuna namba hata moja. Umeandika: "Chaguo la Raya. Asiuzwe."

Kumbe wewe, Baba. Wewe wa hesabu haina mjomba. Misimu yote ile ulikuwa ukijua kwamba ni makonyo, ukinidanganya mchana kweupe na saumu yako mdomoni, eti namba zake zinakuja, kwa kuwa nilimchagua mimi. Nilicheka hadi mama akaja kuangalia. Kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na yeye alipolisoma akafanya hivyohivyo.

Sasa na mimi nikukirie langu. Siku ile tulipopanga timu ya kwanza, uliponiambia nichague mtu mmoja, na nikakuambia nimemchagua kwa sababu mipira ya kichwa anaiwahi, nilikuwa nimeizua. Sikujua hata anacheza nafasi gani. Nilimchagua kwa kile kipara. Kilikuwa kinang'aa kama chako ukitoka kutawadha.

Siku ya pili Mwalimu Joseph alikuja na Shaame. Nilidhani wamekuja kutupa pole. Mwalimu alikuwa ameushika ule mto wa mama kwa mikono miwili, ameufua na kuuanika. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akamwambia mama, "Bi mkubwa, kiti nimekishinda. Mto sikuushinda." Mama akaupokea, akamwambia na akikalie kwa furaha, Mzee hakupenda kiti kikae bure. Basi hilo ndilo jibu lako. Kiti kiko palepale barza, na Mwalimu amekikalia, na amekishinda kwa haki. Siku ya kwanza nilipopita nikamwona nilidhani nitaumia. Niliumia kidogo. Alinyanyuka nusu akanisalimu, nikamjibu, nikaenda zangu dukani na ulimwengu haukuanguka.

Mto uko ukumbini. Mama anaukalia kila alasiri na ungo wake.

Na hii ndiyo habari niliyokuwa nikiibana tangu mwanzo. Ligi inafunguliwa wiki ijayo, nimeanza kupanga majina, na juzi mama akaniuliza kama na yeye anaweza kuchagua mmoja. Amemwona kijana fulani wa timu iliyopanda daraja, mwembamba, jezi inampwaya. Nikamuuliza amempendea nini. Akasema, "Yaonesha hashibi vizuri. Labda akichaguliwa atapata moyo."

Nimemchambua, Baba. Hata daftari limeona aibu.

Nakuahidi hivi. Kumi na wanne nitawachagua kama ulivyonifundisha, kila konyo nitalitoa, na kiti kile Mwalimu asikizoee sana. Ijumaa ya kwanza ya msimu nitakuja kukusomea Yasin, kisha nitakusomea na timu, taratibu, safu moja moja. Mwenyezi Mungu akupanulie ulipolala na akupe huko mwanga wa kukutosha macho yako. Nimekukosa sana. Nimekukosa hasa ile saa ya baada ya alasiri.

Yule wa kumi na tano nimeshamwandika kwa herufi kubwa kama zako: "Chaguo la Mama. Asiuzwe." Jana aliniuliza, bila kuninyanyulia macho kwenye mchele, kama kijana wake ana namba nzuri. Nikamwambia zinakuja.

Mwanao,
Raya