Mwalimu Kandulu Hakujiita Mtume

Songea, Bomani
12 Shaaban, 1324

Mjomba wangu mpendwa, Daudi bin Chiwaula,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba kwa haki ya maziwa niliyonyonya kwa dada yako: funga mlango, soma peke yako, na neno lolote la humu lisitoke kinywani mwako ila kwa mtu mmoja nitakayemtaja. Ukimaliza, itie motoni. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa wenzangu wa ofisini wanajua za Kizungu tu. Likiponyoka neno huko, huku nitavikwa mnyororo.

U hali gani? Uvimbe wa miguu umepungua? Na Mama Mwanaisha, kifua chake kinampa nafuu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi umenikimbia. Chakula nacho ni haba. Mashamba ya upande wa Ruhuwiko yalichomwa wakati wa vita, mwaka huu hakuna aliyevuna, na waliosalia wanachimba mizizi ya ming'oko porini. Sisi wa boma tunapimiwa kibaba. Nikila naona haya.

Nina hasira, Mjomba, wala sitaifunika kwa adabu, maana adabu imeshanichelewesha. Nilikuandikia mwezi wa Rajabu, kimya. Nikakuagizia kwa mdomo wa wapagazi, kimya. Basi soma sasa.

Mwalimu Kandulu yuko gerezani. Ndiye yule uliyenishika mkono ukanikalisha mbele yake kule Tunduru, ukamwambia, "Nyama yako, mifupa yangu." Huku Songea alikuwa akisomesha watoto wa wafanyabiashara na wa askari. Sasa wamemshtaki kuwa ni hongo, mmoja wa wale waganga waliopita wakigawa maji na kuapa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka matone.

Kisa chenyewe ni kidogo mpaka kinatia uchungu. Mwanamke wa Kingoni aitwaye Lidwina, Mkristo, mwanawe alishikwa na homa. Misheni ilikuwa imeungua pamoja na dawa zake, basi akamwendea Mwalimu. Mwalimu hakumuuliza dini. Alimfanyia mtoto kombe, kama alivyotufanyia sisi: aliandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji, akamnywesha, na yaliyobaki akampaka utosini. Ombasha mmoja, askari mwenye cheo kidogo, alikuwa akipita. Aliona mzee, maji, na mtoto wa Kingoni kichwa kimelowa. Akapiga filimbi.

Ombasha huyo jina lake Mussa. Anafunga, anaswali, kombe amekunywa tangu utoto wake. Chini ya koti la serikali amevaa hirizi ya ngozi, na aliyemwandikia ni Mwalimu Kandulu! Barazani alisimama wima akasema hajapata kuona dawa ya namna ile. Niliutazama uzi wa hirizi shingoni mwake nikatamani kuuvuta mbele ya watu wote. Sikuuvuta. Naogopa, Mjomba, wewe wanijua.

Siku ya shauri mkalimani nilikuwa mimi, karani wa boma. Bwana mkubwa wa boma, Mjerumani, aliuliza: katika mitume wenu, yupo aliyewapa watu maji yenye nguvu? Ulikuwa mtego: akisema yupo, amejifananisha na hongo. Mzee mwingine angesema hajui. Mwalimu alijiweka sawa kama yuko darasani! Akaanza na Nabii Musa na jiwe lililobubujika chemchemi, akaingia kwa Nabii Ismail na Zamzam, na alikuwa akielekea kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, nami jasho linanitoka. Nikamnong'oneza kwa Kiyao afupishe.

Akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Habari za mitume hazifupishwi, Chande. Tafsiri."

Sikutafsiri. Nilimwambia Bwana kwamba mzee anasema hayupo.

Ombasha Mussa akacheka. "Karani, mto mzima huo, wewe umeteka kikombe?"

Bwana hakumwelewa, lakini alinikazia macho. Akaniuliza mimi mwenyewe, kwa Kijerumani, nimweleze tofauti ya Mtume wetu na hongo. Hapo hasira iliishinda hofu. Nilimwambia Mtume wetu alikwenda vitani amevaa deraya. Hakuwaambia watu mishale itakuwa maji. Pale Uhud alivunjwa jino, uso wake ukatoka damu, na hakumficha mtu damu hiyo. Mitume ni wanadamu waliopewa neno walifikishe. Hawakuomba ujira, hawakudai kuyajua ya ghaibu ila waliyofunuliwa, na walichowaamrisha watu walianza kukibeba wao. Hongo alipokea mbuzi na nguo, na bunduki zilipoanza kulia hakuwa mbele. Niliwaona vijana wa Kingoni baadaye, Mjomba, dawa ingali kwenye vipaji vya nyuso zao. Yeyote aliyewadanganya kwa kulitaja jina la Mungu, sina rehema ya kumwombea.

Bwana akatabasamu. "Kama Mtume wenu mwenyewe alitoka damu, maji yenu ya nini?"

Nikamgeuzia Mwalimu swali, naye akasema, "Mwambie, maji hayaponyi. Tunaomba kwa maneno ya Mungu, na kuponya ni kazi ya Mungu. Mtoto angekufa, ningemzika mimi mwenyewe, nisingekimbia." Hayo niliyatafsiri yote.

Bwana akasema serikali ina kadhi huko Lindi. Ikija barua ya kadhi kwamba kombe ni desturi ya kale ya Waislamu, wala si dawa ya vita, mzee atafunguliwa. Mvua zikikolea barua haijaja, shauri litasikilizwa upya, na hukumu ya hongo unaijua. Kitanzi kipo pale pale uwanjani. Mpaka leo hakijashushwa.

Sasa nikwambie lililo gumu zaidi. Nilipompelekea Mwalimu uji gerezani, hakunishukuru. Alinigombeza! "Nani amekupa ruhusa ya kunikatia maneno? Mjumbe anayepunguza ni mwizi." Nilimwambia nilimwokoa. Akasema haokolewi kwa uongo juu ya mitume, na akaniapisha kwamba shauri likirudi nitatafsiri kila neno, jiwe, Zamzam na yote. Nimeapa. Nilitoka pale nimemkasirikia, maana mzee huyu hajui kunyamaza, nami nimefungwa na kiapo chake. Bila barua ya kadhi, maneno yake ya kweli yatakayotoka kinywani mwangu ndiyo yatakayomnyonga.

Na Mussa kila akinipita hunong'ona, "Kikombe, karani." Siku atakayoamua kumwambia Bwana, nami nimekwisha.

Basi nakuuliza wewe, Mjomba, unayekaa huko Lindi na kadhi kila Ijumaa: yeye ndiye yule mtu mmoja niliyesema, je, utamwomba barua hiyo? Ni wewe uliyenifundisha kwamba wanavyuoni ni warithi wa mitume. Wamerithi nini? Mitume hawakuacha dhahabu wala vilemba. Waliacha kazi ya kulifikisha neno linapotakiwa, hata likichukiwa. Nabii Nuhu alilifikisha kwa watu waliotia vidole masikioni. Nabii Yunus, amani imshukie, alipoondoka kwa watu wake kabla ya kupewa idhini, hakuachwa aende zake. Je, wewe waachwa? Lindi pana amani, samaki wapo, na Songea ni mbali. Lakini mzee huyu alinifundisha mimi, mifupa yako, na sasa anafungwa mnyororo kwa sahani ya maji.

Nisamehe ukali, ila usinisamehe haraka kiasi cha kusahau.

Nisalimie Mama Mwanaisha. Mama yangu Halima umwambie nala, nalala, na usimwambie zaidi. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akupe ujasiri ambao mimi sina.

Barua ya kadhi iwe na muhuri wake, iandikwe kwa herufi za Kizungu, na jina langu lisitajwe. Usiipeleke kwa njia ya serikali, wenzangu hufungua kila kitu. Mpe mpagazi wa chumvi unayemwamini, aifikishe kwa Biasha, mjane auzaye tumbaku kwenye njia ya Mfaranyaki. Aseme ametumwa na shemeji yake wa Tunduru. Biasha ataniita. Na mtu wako akiambiwa hapa hapana karani aitwaye Chande, asiulize nimepelekwa wapi. Aichukue barua kwa Biasha, aende nayo moja kwa moja barazani, amkabidhi Bwana mkononi mbele ya watu. Mimi nitatafutwa baadaye.

Mpwa wako akupendaye hata katika hasira,
Chande