Ukuta wa Shangazi Una Watoto

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi anakuja kupiga lipu nyumba ya shangazi yangu, na mimi usingizi umenipaa. Ndiyo kwanza nimeanza kazi ya utafiti wa wadudu, na ukuta wake wa nyuma, wa matofali ya udongo, una nyuki wasioishi kwenye mzinga, kila mama na tundu lake, anaweka chakula cha mtoto, anataga yai, anaziba kwa udongo, basi, hana habari na jirani, ndivyo tulivyofundishwa. Nikawatia alama mgongoni kwa rangi za kucha za shangazi, kila mmoja nikamwita kwa rangi yake (shangazi anaona chupa zinapungua na kucha zangu ziko vilevile, anadhani nimepata mchumba wa ajabu), nikawa naketi pale na kigoda changu kila asubuhi. Mshauri, mjusi akamla Mwekundu mbele ya macho yangu, tundu lake likabaki wazi, yai ndani, kalitaga hata kabla chakula hakijatosha. Nikasema yamekwisha. Kumbe Mweupe, jirani yake, alipomaliza kuziba la kwake hakwenda zake, alizungukazunguka mlangoni kwa marehemu, akaingia, akatoka, akaruka, akarudi na miguu imejaa chavua, akaendelea hivyo hadi jua likawa kali, kisha akaleta udongo akaziba. Nililia peke yangu uani kama mtoto. Msimamizi wangu akasema hajapata kusikia kitu kama hicho, ila tusipomwona mtoto wa Mwekundu akitoka mzima itabaki hadithi tu.

Shangazi hajui lolote. Amejinyima miaka kwa ajili ya lipu hiyo, nyumba yake ndiyo pekee mtaani iliyobaki na matundu na watu wanamcheka, na ndiye aliyenichukua mama alipofariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, akanisomesha kwa cherehani yake. Nitamwambiaje asubiri kwa ajili ya nyuki? Nimewaza kumwomba fundi adanganye kuwa saruji imeadimika. Nifanyeje?

Mwenye Kigoda

*

Marahaba, Mwenye Kigoda. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikatoka nje kuuangalia ukuta wa ofisi. Miaka yote hapa naletewa wakwe, wake wenza na majirani wa kila aina, lakini jirani kama Mweupe sijaletewa. Hongera kwa macho yako, na pole kwa usingizi.

Sasa nikugombeze. Msimamizi anajua, mimi nisiyekujua najua, wasomaji wa gazeti hili sasa wanajua, mwenye ukuta ndiye hajui. Ndiyo akili hiyo? Umemaliza rangi zake, umekalia ua wake, na bado unataka kumzunguka kupitia kwa fundi. Usithubutu. Njia ya mwongo ni fupi, na saruji iko kila duka.

Kesho asubuhi mkalishe shangazi kwenye kigoda, wewe chuchumaa. Mwonyeshe tundu la Mwekundu, umsimulie kama ulivyonisimulia, bila maneno ya darasani. Kisha omba fundi aanze na kuta nyingine, huu wa nyuma usubiri mpaka watoto watoke. Hao mama nao watafutie matofali mengine yenye matundu, uyapange pembeni ya ua, maana lipu ya shangazi itapigwa tu na ni haki yake. Na chupa za rangi ununue mpya. Akikataa, nyumba ni yake, utaheshimu.

Ila sidhani atakataa. Unaniuliza utamwambiaje mwanamke huyo habari za nyuki aliyemlisha mtoto wa mwenzake akamzibia na mlango. Mwanangu, jambo hilo ni la ajabu kwako, kwa msimamizi wako na kwangu mimi niliyeamka nalo leo. Kwa shangazi yako halitakuwa geni. Ukifika kwa Mweupe, usiongeze neno. Mwache atazame.