Kaa la Moto kwa Jirani

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Kanyakine sisi wazima, ila magoti yangu yamekataa kazi. Umeuliza kama dragonfruti uliyoniletea imezaa. Inachanua, kisha maua yanaanguka. Afisa wa kilimo anasema aina hiyo hutaka unga wa ua la aina nyingine, nayo iko kwa jirani Kajuju, ambaye hatusalimiani tangu ule ugomvi wa mpaka.

Nikiwa msichana, mvua ilizima moto wetu. Mama alikuwa amekosana na jirani, tukakaa siku mbili bila kupika. Siku ya tatu akanituma nikaombe kaa la moto. Yule jirani alinipa, pamoja na kuni kavu alizokuwa ametuwekea tangu siku ya kwanza.

Nimechoka kununa, Mwenda. Kesho alfajiri, kabla ua halijafunga, nitabisha kwa Kajuju.

Nyanya yako